KA, KI na NGALI katika Masimulizi ya Sataranji: Uchambuzi wa Mchezo wa Byrne na Fischer (New York, 1956)

Utangulizi

Makala haya yanahusu swali la sarufi lililozuka mahali ambapo wanasarufi wetu hawajazoea kulitafuta, yaani juu ya ubao wa sataranji. Mchezo wa sataranji ukiisha huwa umeandikwa wote, hatua kwa hatua, na yeyote anayejua alama zake anaweza kuurudia nyumbani kwake hata baada ya miaka mia. Kwa mtazamo huo, mchezo ni matini. Una mwanzo, una kati, una mwisho. Una wahusika na una mgogoro. Ajabu ni kwamba tunapojaribu kuisimulia matini hiyo kwa Kiswahili, tunagundua mara moja kuwa kiambishi tunachokitegemea zaidi katika usimulizi, yaani KA, hakitoshi hata kidogo. Kinatupa hatua zilizochezwa. Maana ya mchezo, hata hivyo, aghalabu imo katika hatua ambazo hazikuchezwa.

Dai letu ni hilo. Tutalitetea kwa kuuchambua mchezo mmoja maarufu pamoja na ufunguzi wake, kisha tutaligusia swala ambalo limekuwa likizua ubishi katika kumbi zetu za mihadhara: je, ni kosa kuchanganya NGE na NGALI katika sentensi moja?

Istilahi

Kabla ya kusonga mbele, inafaa tukubaliane kuhusu majina. Neno sataranji limesafiri mbali. Asili yake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi walilipokea, Waarabu wakalichukua kutoka kwao, na kwa njia ya Bahari Hindi likatufikia. Mwanafunzi wa ushairi hatakosa kutambua kwamba neno shaha, ambalo sisi tunamvisha mkuu wa malenga, lina asili hiyo hiyo ya Kiajemi. Shah ni mfalme, naye ndiye kete ambayo mchezo mzima huizunguka.

Makala haya yatatumia mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Kihistoria, ndovu angefaa zaidi kuliko askofu, kwa kuwa ndivyo Waarabu walivyomwita na Wahispania hadi leo wamelihifadhi jina lile la Kiarabu. Vivyo hivyo, malkia alikuwa waziri kabla ya kufika Ulaya na kubadilishwa jinsia. Lakini istilahi haifai kumsumbua msomaji kwa ajili ya kumfurahisha mwanahistoria, kwa hivyo tumekubali majina ambayo mchezaji wa leo atayaelewa bila kuuliza. Ubao una miraba 64. Safu zake hupewa herufi kuanzia a hadi h, na mistari hupewa nambari 1 hadi 8, hivi kwamba d4 ni mraba mmoja tu na hauwezi kuchanganywa na mwingine. Kitenzi cha kuondoa kete ya adui ni kula, kama ilivyo katika bao na dama.

Upatanisho wa kisarufi una vituko vyake. Kete zote hizi ni vitu vya mbao au plastiki, lakini mfalme, malkia, askofu, farasi na askari hukaa katika ngeli ya A-WA bila wasiwasi, nayo ngome hubaki I-ZI. Ndiyo maana tunasema "farasi akamla askari" lakini "ngome ikamla askari". Katika kundi zima, ngome ndiyo pekee inayokula bila kuwa na uhai wa kisarufi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ngome moja itakuwa na nafasi kubwa katika kisa kinachofuata.

Ufunguzi

Mchezo wenyewe ulichezwa tarehe 17 Oktoba 1956 katika klabu ya Marshall jijini New York, kwenye mashindano ya kumbukumbu ya Rosenwald. Kete nyeupe zilichezwa na Donald Byrne, mmoja wa wachezaji hodari wa Marekani wakati huo, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza wa chuo kikuu. Kete nyeusi zilikuwa mikononi mwa Robert Fischer, mvulana wa miaka 13. Fischer hakukaribia kuyashinda mashindano yale; Samuel Reshevsky ndiye aliyeibuka wa kwanza. Hata hivyo, mchezo huu mmoja ulimfanya mhariri Hans Kmoch auite mchezo wa karne katika jarida la Chess Review la Desemba mwaka huo, na jina hilo halijabanduka hadi leo. Miaka 16 baadaye, mwaka 1972, mvulana huyo alitwaa ubingwa wa dunia mjini Reykjavik.

Ufunguzi uliotokea unaitwa Ulinzi wa Grünfeld, kwa heshima ya Ernst Grünfeld wa Austria, aliyeuingiza katika mashindano makubwa mwaka 1922. Kabla ya hapo, kila mchezaji aliyefunzwa vyema alijua kwamba sharti uweke askari wako katikati ya ubao mapema, maana anayemiliki katikati ndiye anayemiliki njia. Kizazi cha Grünfeld kiliipinga amri hiyo. Kilishikilia kwamba unaweza kumwachia mwenzako katikati aijenge, ajivunie, kisha uishambulie kwa mbali mpaka iwe mzigo kwake.

Hatua kumi za kwanza zinasimulika bila shida kwa KA. Byrne alimtoa farasi wake hadi f3, Fischer akajibu kwa farasi f6. Byrne akapeleka askari c4. Fischer akasogeza askari g6 ili askofu wake apate dirisha la g7. Byrne akatoa farasi wa pili hadi c3, naye askofu mweusi akakaa g7. Askari mweupe akafika d4, Fischer akamhamisha mfalme wake pembeni nyuma ya ukuta wa askari. Hiyo ilikuwa hatua ya nne tu. Byrne akaleta askofu f4, Fischer akampeleka askari d5 kupinga katikati. Malkia mweupe akaja b3, askari wa Fischer akamla askari wa c4, malkia naye akamla huyo. Kufikia hatua ya nane Byrne alikuwa na askari wawili bega kwa bega, d4 na e4, picha kamili ya umiliki. Ngome yake ikaja d1 kuwasaidia. Farasi mweusi akapitia d7 hadi b6, malkia mweupe akasogea c5, na katika hatua ya kumi askofu mweusi wa pili akasimama g4, akimkabili farasi wa f3 ambaye alikuwa mlinzi wa d4.

Msomaji akiutazama ubao wakati huu anaona mambo mawili. La kwanza, Byrne anatawala katikati. La pili, mfalme wake bado yuko e1 alipozaliwa, askofu wake wa f1 hajatoka, na ngome ya h1 haijasogea hata mraba mmoja. Mfalme hawezi kuhamishwa kwenda upande ule mpaka askofu ampishe. Mtunzi wa riwaya angeviita viashirio. Vimewekwa mbele ya macho yetu, navyo vinangoja.

Hatua ya 11: KA inapokwama

Sasa tusimulie hatua nne zinazofuata kwa mtindo ule ule:

Byrne akamsogeza askofu wake kutoka f4 hadi g5. Fischer akamrusha farasi hadi a4. Malkia wa Byrne akarudi a3. Farasi akamla farasi wa c3, askari wa b2 akamla huyo farasi. Farasi mweusi wa pili akamla askari wa e4. Askofu mweupe akamla askari wa e7.

Kisarufi, aya hii haina dosari. Kimasimulizi ni maiti. Msomaji asiyejua mchezo hataelewa kwa nini walimwengu walishangaa, na anayejua atasema tumemnyima jambo lenyewe. Farasi alirushwa hadi a4, mraba ambao farasi wa Byrne wa c3 angeweza kumla papo hapo bila kizuizi. Kwa nini basi hakumla?

Hapa ndipo tunapodai kwamba KA ina udhaifu wa kimsingi. Vitabu vyetu vya sarufi hueleza kuwa kiambishi hiki huonyesha mfuatano wa matukio. Ni kweli. Lakini katika masikio ya Mswahili, mfuatano huo huteleza kwa urahisi ukawa usababisho: "alikula akashiba" haimaanishi tu kwamba kushiba kulikuja baadaye. Kwa hiyo tukisema "Fischer akamrusha farasi hadi a4, malkia wa Byrne akarudi a3", msikilizaji anadhani tumekwisha kumpa sababu. Tumempa tu saa. Sababu imo katika tukio ambalo halikutokea, na tukio hilo halina namna ya kuvaa KA.

Tuliseme basi kwa sarufi inayolistahili. Kama Byrne angalimla farasi wa a4, farasi wake mwenyewe angaliiacha c3, na c3 ndiyo iliyokuwa ikimlinda askari wa e4. Farasi mweusi wa f6 angalimla askari huyo, na kutoka e4 angalimkabili malkia wa c5 na askofu wa g5 kwa wakati mmoja. Kama malkia angalikimbilia c1, malkia wa Fischer angaliingia a5, akimtishia mfalme aliyesahauliwa pale e1 na farasi wa a4 papo hapo. Fischer angalirudishiwa kete aliyoitoa, na faida juu yake. Byrne, ambaye hakuwa mchezaji wa kubahatisha, aliyaona hayo yote, ndiyo sababu malkia wake akarudi a3. Sentensi hiyo ya mwisho yenye KA sasa ina uzito, kwa kuwa imebebwa na NGALI zilizoitangulia.

Nani anazungumza, na anazungumza lini?

Tukichunguza zaidi, tunaona kwamba wazo lile lile la kumla farasi wa a4 lina sura tatu za kisarufi, na kila sura ina msemaji wake.

Byrne akiwa amekaa mbele ya ubao, saa yake ikitembea, hasemi NGALI. Anasema KI: "Nikimla huyu farasi, yeye atamla askari wa e4, nikikimbiza malkia, atanitishia mfalme." Kwake milango yote ingali wazi. KI ni lugha ya mtu ambaye bado ana zamu.

Mtazamaji aliyesimama nyuma ya kamba anasema NGE: "Angemla, ingekuwaje?" Yeye hana zamu. Anawaza jambo ambalo halijafungwa kabisa lakini haliko mikononi mwake.

Mchambuzi wa kesho yake, au wa miaka mingi baadaye kama sisi, hana budi kusema NGALI. Mlango umefungwa. Askofu alikwenda g5 na hawezi kurudishwa. Wachambuzi wengi wameonelea kwamba hatua hiyo ya 11 ndiyo iliyouharibu mchezo wa Byrne, kwa sababu ilimsogeza kwa mara ya pili askofu aliyekwisha kutoka, ilhali mwenzake wa f1 hajasogea. Kama angalimpeleka askofu wa f1 hadi e2, angaliweza kumhamisha mfalme katika hatua iliyofuata.

KI, NGE na NGALI, kwa mtazamo huu, zinapima umbali uliopo baina ya msemaji na uamuzi. Kuziita viwango vitatu vya uwezekano tu, kana kwamba zimepangwa kwenye rafu, ni kuzipunguzia kazi. Wanafunzi wengi wa isimu hufunzwa jedwali la masharti na kulikariri kwa ajili ya mtihani. Jedwali hilo halionyeshi ni nani anayenena.

Na hapo tunafika kwenye ubishi tulioutaja. Kanuni inayofunzwa ni kwamba vishazi vyote viwili vya sentensi ya masharti vibebe kiambishi kimoja: angali- na angali-, ange- na ange-. Mwanafunzi anayechanganya hupotezewa alama. Kwa jumla kanuni hiyo ni njema, na mchanganyiko mwingi tunaousikia ni uzembe mtupu. Lakini fikiria msimulizi aliyefika hatua ya 17 huku mchezo ukiendelea: "Kama angalimtoa askofu wake hatua ya 9, sasa mfalme asingekuwa taabani." Sharti limo katika wakati uliofungwa, matokeo yamo mbele ya macho yetu, na mchezo haujaisha. Tukimlazimisha aseme "asingalikuwa taabani", tumemhamishia kesho kwa nguvu. Tunaonelea kwamba sentensi yake ni sahihi, na kwamba kanuni yetu iliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza mifano iliyokwisha kufa. Wahadhiri wetu watatupinga, na kurasa za jarida hili zi wazi kwao.

Hatua ya 17: malkia anatolewa kafara

Mambo yaliongeza kasi. Byrne hatimaye alimtoa askofu wa f1 hadi c4, akiwa na nia ya kumhamisha mfalme katika hatua ya 16. Hakuipata nafasi hiyo. Farasi wa Fischer akamla askari wa c3, askofu mweupe akarudi c5 akimlenga malkia mweusi aliyekuwa b6, na ngome nyeusi ikaingia e8 kumtishia mfalme moja kwa moja. Mfalme akasogea f1. Kwa kusogea huko alipoteza haki ya kuhamishwa, na ngome ya h1 ikafungiwa nyuma yake.

Kila mtu alitarajia Fischer amwokoe malkia wake. Badala yake alimrudisha askofu wa g4 hadi e6, akamwacha malkia aliwe. Byrne alikuwa na njia tatu kubwa, na inafaa tuzitazame kwa makini kwa sababu uzuri wa mchezo umelala katika zile mbili alizoziacha.

Kama angalimla askofu wa e6 kwa askofu wake, malkia mweusi angaliruka hadi b5 na kumtishia mfalme, ambaye angalikimbilia g1. Farasi angalishuka e2, mfalme angalirudi f1, farasi angaliruka g3 na kufungua njia ya malkia, hata mfalme awe ametishwa na wawili kwa pamoja. Angalirudi tena g1. Hapo malkia angalijitupa f1, aliwe na ngome ya d1 kwa lazima, na farasi angalirejea e2 kumnasa mfalme asiye na pa kukanyaga. Pa kukanyaga hapana kwa sababu miraba yote inayomzunguka imejaa watu wake: askari watatu mbele, ngome moja f1, na ngome nyingine h1. Ile ya h1 ni ngome ile ile ambayo haijasogea tangu mwanzo.

Kama angalimla farasi wa c3 kwa malkia, malkia mweusi angalimla askofu wa c5. Askari wa d4 angaliweza kumla malkia huyo, lakini kwa kuiacha d4 angaliufungua mshazari mrefu unaotoka g7 hadi c3. Na pale g7, msomaji akumbuke, kuna askofu aliyewekwa katika hatua ya tatu na ambaye tangu hapo hakuwa amesogea. Angaliteremka na kumla malkia mweupe. Ulinzi wa Grünfeld ulikuwa umemweka pale ili aitazame katikati ya adui. Askari wa d4, fahari ya Byrne, ndiye aliyekuwa pazia lake.

Byrne alichagua njia ya tatu, akamla malkia. Sasa KA inarudi na kufanya kazi iliyo yake hasa. Askofu mweusi akamla askofu wa c4 huku akimtishia mfalme. Mfalme akaenda g1, farasi akaingia e2. Mfalme akarudi f1, farasi akamla askari wa d4. Mfalme akaenda g1, farasi akaingia e2 tena. Mfalme akarudi f1, farasi akatua c3. Mfalme akaenda g1. Kila farasi alipoondoka e2, askofu wa c4 alikuwa nyuma yake akimwona mfalme. Katika kifungu hiki hatuhitaji NGALI hata moja, kwa kuwa Byrne karibu hana hiari. KA tupu, zikifuatana kwa kasi, ndizo zinazomfanya msikilizaji asikie jinsi mfalme anavyopigwa huku na huku kama mlango usio na komeo.

Kisha askari wa Fischer akamla askofu aliyekuwa amemla malkia. Vumbi lilipotua baada ya hatua ya 25, Fischer alikuwa amepata ngome moja na maaskofu wawili kwa malkia wake, bila kuhesabu askari, na kete zake zote zilikuwa zikishirikiana. Byrne alikuwa na malkia aliyezurura peke yake.

Na ngome ya h1? Ilisogea kwa mara ya kwanza katika hatua ya 28, ikaenda e1. Ngome nyeusi ikaila papo hapo.

Mwisho wa mchezo, na mchezo mwingine

Wachezaji wa ngazi hiyo hukubali kushindwa mapema, wasingoje mfalme anaswe. Byrne aliuacha mchezo uende hadi mwisho. Ngome ya Fischer, ikisaidiwa na maaskofu wawili na farasi, ilimnasa mfalme kwa kuingia c2 katika hatua ya 41. Simulizi nzima ikafungwa kwa kiambishi cha matukio yaliyotukia.

Donald Byrne alikuwa na ndugu, Robert Byrne, naye mchezaji mashuhuri. Alikutana na Fischer katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya 1963 hadi 1964, ambayo Fischer aliyashinda kwa kushinda michezo yote 11. Fischer alicheza tena kete nyeusi, na ufunguzi ulikuwa tena wa jamii ya Grünfeld. Alitoa kafara tena. Katika chumba ambamo mabingwa waliokuwa wakiwafafanulia watazamaji walikuwa wamekaa, iliaminika kwamba Robert anashinda. Fischer alipomsogeza malkia wake hadi d7 katika hatua ya 21, Robert alikubali kushindwa. Wafafanuzi walipigwa na butwaa. Mnaso wenyewe, pamoja na kafara nyingine ambayo ingeuleta, haukuwahi kuchezwa juu ya ubao ule. Yeyote anayetaka kuusimulia mchezo wa ndugu huyu wa pili kwa Kiswahili atalazimika kuiacha KA kwenye hatua ya 21 na kuumaliza kwa NGALI peke yake.